Makala ya Goma

Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe meusi. Kusini yake ni ziwa Kivu. Kaskazini husimama mlima Nyiragongo, uliomwaga moto wake mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021. Katika njiapanda moja watu wamesimamisha sanamu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, nayo imepakwa rangi ya dhahabu. Walifanya vema, maana chukudu ndiyo punda wa nchi hii: hubeba viazi, kabichi, na makala.

Tufuate basi njia ya gunia moja la makala. Kwa miaka mingi makala ya Goma yametoka zaidi katika msitu wa Virunga, mbuga iliyowekwa mwaka 1925, ya kwanza ya namna hiyo barani Afrika. Kukata miti humo ni kosa. Hata hivyo mchoma makala hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyaacha yaungue polepole siku kadhaa. Katika kilo 100 za kuni kavu hupata makala kilo 20 tu, na mara nyingi pungufu. Nyingine zote zimepotea bure. Mwezi wa Julai 2007 gorila kadhaa waliuawa humo kwa risasi, pamoja na dume mkubwa aliyeitwa Senkwekwe, na biashara ya makala ikatajwa kuwa chanzo.

Mbona basi watu hawabadiliki? Wako wasemao: ni ujinga tu. Sisi tunawajibu: ingieni kwanza jikoni.

Mama wa Goma anajua kwamba msitu unakwisha. Watoto wake hufundishwa hayo shuleni. Lakini yeye hununua kwa fedha ya siku ile. Franka chache za jioni zatosha fungu moja la makala. Hazitoshi mtungi wa gesi. Umeme wa maji wa Matebe, uliofunguliwa mwaka 2015, umefika katika mitaa kadhaa ya mji, lakini wataka waya, mita na jiko lake. Tena maharagi yataka moto wa saa nyingi, na bugali hutaka mbabula isiyoyumba mwiko ukisongwa. Mtu akimletea jiko jipya jepesi, likapinduka mara moja tu, kesho yake kuku watalitagia mayai.

Kuna na neno jingine lisemwalo kwa sauti ndogo: “Nikiacha mimi, jirani ataacha?” Naye msukuma chukudu, ukimwambia aache makala, masikioni mwake umemwambia aache kula.

Tangu mwaka 2007 shirika la WWF liliwasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala mashambani mwao, nje ya mbuga. Ni kazi njema. Lakini mkaratusi wataka miaka mitano au zaidi kabla ya kukatwa, na nani atapanda mti wa miaka mitano, naye hajui kama kesho atakimbia? Vita vilivyofika ndani ya mji mwezi wa Januari 2025 viliwakumbusha wote swali hilo.

Mazoea yana taabu, wahenga walisema. Lakini mazoea hayakai hewani: yamekaa juu ya mfuko mtupu, chungu kizito na hofu ya kesho. Ndiyo maana mahubiri peke yake hayayaondoi. Mama hubadilika aonapo kwa jirani gunia linalodumu siku nyingi kuliko lake.

Basi tuanze hapo. Tuloweke maharagi tangu usiku, tufunike chungu. Akina mama wenye likelemba wanunue mbabula njema, leo ya huyu, mwezi ujao ya yule. Asiyeweza kununua peke yake ataweza pamoja na wenzake, na jirani hatauliza tena nani ataacha kwanza.