Chumvi Kabla ya Alfajiri

Mwezi wa Januari tulikuwa wageni wa kamati ya msikiti mmoja katika mji wa kati mwa Uingereza, mahali ambapo wazee waliotoka Mombasa na Kampala huswali safu moja na vijana wasiowahi kuiona Bahari ya Hindi. Huko, mwezi huo, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi. Aendaye kuswali Alfajiri huenda gizani, na chini ya miguu yake huenda pana barafu nyembamba isiyoonekana, kwani huchukua rangi ile ile ya lami.

Usiku wa kwanza tuliliona lori likipita polepole, taa yake ya manjano ikizunguka, likimwaga chumvi. Si chumvi ya mezani hiyo, bali ni ya mawe, yenye rangi ya udongo. Nyingi huchimbwa chini ya ardhi huko Winsford, mkoani Cheshire, ilikogunduliwa mwaka 1844 na watu waliokuwa wakitafuta makaa ya mawe. Maji yenye chumvi hayagandi penye nyuzi sifuri. Hungoja baridi kali zaidi. Ndiyo sababu halmashauri huimwaga kabla barafu haijashika, nazo hupima joto la uso wa barabara wenyewe, maana lami yaweza kupata barafu hali hewa ingali juu ya sifuri.

Sheria nayo imo. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa nchini humo iliamua kwamba wajibu wa kuitunza barabara haukuwa na maana ya kuiondolea barafu. Bunge halikuliacha jambo hapo. Mwaka 2003 likapitisha kifungu kinachozitaka mamlaka za barabara kuhakikisha, kwa kadiri inavyowezekana, kwamba theluji na barafu haziwahatarishi wapitao. Mzigo wote umelalia maneno hayo ya "kadiri inavyowezekana". Malori ni machache, hivyo hutangulizwa barabara kuu, njia za mabasi na za kwendea hospitali. Mitaa ya makazi hubaki nyuma, na njia za waendao kwa miguu nyuma zaidi. Tena chumvi huhitaji magurudumu ya kuisaga na kuieneza; nyayo za waumini kumi haziiwezi kazi hiyo.

Basi mwenye gari hulindwa kwanza, na mzee mwenye bakora mwisho. Hatuuiti mpango huo dhuluma, kwani gari la wagonjwa halina budi kupita. Lakini mzee mmoja wa msikiti ule aliteleza nyumba tatu tu kabla ya kufika mlangoni, akavunjika nyonga. Tulipokwenda kumjulia hali hakuitaja barafu. Alitaka kujua ni lini ataruhusiwa kurudi kwenye safu yake.

Tangu siku hiyo kamati imeweka zamu, imebandikwa ubaoni chini ya maneno "Kuondoa udhia njiani". Vijana wawili hutangulia nusu saa kabla ya adhana, na koleo na ndoo, wakichota katika sanduku la manjano ambalo halmashauri imeliweka kwenye kona ya mtaa. Chumvi hiyo ni ya njia ya umma. Ya uani msikiti hununua yake, na uangalifu huo ulitupendeza mno. Maji ya moto hayaruhusiwi, kwa kuwa huganda tena yakawa kama kioo. Mlango wa mahali pa udhu, penye matone yasiyokwisha, hupata koleo mbili. Baadhi ya majirani waliogopa kwamba asafishaye njia atashtakiwa mtu akianguka, ingawa mwongozo wa serikali umekwisha kueleza kuwa si rahisi hilo kumpata aliyesafisha kwa uangalifu.

Asubuhi ya kuondoka kwetu sanduku lilikuwa tupu. Tulimwacha katibu mwenzetu akiwa kwenye simu, akiiomba halmashauri ilijaze kabla ya usiku.