Mlima Uliojifunika Saa Nane

UKISIMAMA nje ya nyumba yetu Tongaren asubuhi, mahindi yakiwa yameshavunwa, utauona Mlima Elgon wote upande wa kaskazini-magharibi. Usitarajie kilele kilichochongoka. Mlima huu umelala chini kama mtu aliyejifunika blanketi, na mgeni anaweza kupita barabara ya Webuye hadi Kitale asijue kwamba amepita kando ya volkano kubwa.

Wabukusu huuita Masaba. Marehemu baba, aliyepata shamba hapa miaka ya 60 mashamba ya walowezi yalipogawanywa, aliutazama kila asubuhi kabla ya kuamua kama ni siku ya kupanda au ya kupalilia. Hakuwahi kuukanyaga. Mimi nami, pamoja na masomo yangu yote, nilikuwa nimefikisha umri wa miaka zaidi ya thelathini bila kuukanyaga.

Basi Januari nilifika nyumbani nikamwambia mama kwamba naenda kupanda Elgon peke yangu.

"Peke yako na nani?" akauliza.

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Mama hajasahau vita vya ardhi vya 2006 hadi 2008, wakati watu wa huko juu walipokimbia wakiwa wamebeba magodoro kichwani, wengi wakiteremka nyanda za Bungoma na Trans Nzoia. Kwake yeye, mlimani si mahali pa kutembea kwa starehe. Nilimweleza kwamba siku hizi kuna amani. Akaniwekea viazi vitamu katika mfuko na kusema, "Haya baba, nenda. Lakini ukiambiwa rudi, urudi."

Bodaboda ilinifikisha Kiminini, nikapata matatu ya Kitale na kulala huko. Kitale penyewe pako juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Alfajiri nilikodisha Land Rover kuukuu pamoja na dereva wake, tukapita Endebess, mashamba ya mahindi kushoto na kulia. Udongo huu unaoshibisha nchi ni zawadi ya moto wa zamani. Elgon ilianza kutapika zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, Kilimanjaro ikiwa haijazaliwa, na wako wataalamu wanaoamini kwamba zamani ilikuwa ndefu kuliko Kilimanjaro ya leo. Mvua na mito vimekuwa vikiimega tangu wakati huo na kuiteremsha kidogo kidogo mashambani.

Katika lango la Chorlim, safari yangu ya peke yangu ilikwisha. Mbuga hii ya taifa, iliyoanzishwa 1968, ina nyati na ndovu, kwa hiyo anayetaka kwenda kileleni hupewa askari mwenye bunduki. Nilijaribu kubishana kidogo. Mwishowe tulikubaliana na afande kwamba atembee hatua ishirini nyuma yangu, nami nijifanye simwoni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa pango la Kitum. Nilisema tutaingia dakika kumi tu. Msomaji, pango hilo linaingia mlimani kiasi cha mita 200, na kuta zake zina alama za pembe za ndovu. Usiku wanyama hao huingia gizani wakipapasa kwa mkonga, wakachimba ukuta kwa pembe na kula mawe yenye chumvi. Wasabaot nao walichota chumvi humo kwa ajili ya ng'ombe wao, na mapango mengine ya mlima huu yalikuwa makao ya watu na mifugo. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa 1883, aliyastaajabia sana.

Dari ilijaa popo, na afande hakutaka tuwasogelee. Mnamo 1980 Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari huku magharibi alizuru Kitum, kisha akafa Nairobi kwa virusi vya Marburg. Daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, aliambukizwa akaponea chupuchupu. Mwaka wa 1987 kijana wa Kidenmaki wa miaka 15 naye alikufa baada ya kuingia humo. Nilitoka nje nikinawa mikono kwa maji yangu ya kunywa. Zile dakika kumi zilikuwa zimegeuka saa nzima na zaidi.

Gari lilipanda likiguna, kupitia msitu wa mierezi na podo, kisha mianzi, hadi miti ikaisha. Barabara ilipokoma, zaidi ya mita 3,500, ilikuwa saa tano na nusu. Nilishuka nikaanza kutembea kwa kasi kama mtu anayefukuza matatu. Hilo lilikuwa kosa la pili. Gari lilikuwa limeupandisha mwili wangu haraka kuliko damu ilivyoweza kuzoea hewa nyepesi.

Kileleni Koitobos ni mita 4,222. Si kirefu kuliko vyote, kwa kuwa Wagagai, mita 4,321, kiko Uganda. Hata hivyo, mtu aliye Koitobos hutazama ndani ya bonde la volkano lenye upana wa kilomita nane hivi, ambamo chemchemi za maji moto bado zinatoka na Mto Suam unaanza safari yake ya kuwa Turkwel. Nilitamani sana kuliona bonde hilo. Nilitamani pia kugeuka nitazame kusini-mashariki, niitafute Tongaren.

Kufikia saa saba kichwa kilikuwa kikinigonga kama kinu. Nilitembea hatua kumi nikipumzika, baadaye hatua tano. Lobelia zilisimama pande zote, ndefu kuliko mimi, utadhani wazee wanaosikiliza kesi. Viazi vya mama vilikataa kukaa tumboni. Kisha ukungu ukashuka, sijui ulitoka wapi, na mvua ya mawe nyuma yake. Jabali la Koitobos nililokuwa nikilikazia macho likatoweka.

Hapo ndipo zile hatua ishirini zilipokwisha. Afande alinishika bega.

"Tumebakisha kama nusu saa," alisema. "Lakini tunarudi."

Nilimwambia naweza. Akaniuliza jina la mama yangu, nikachelewa kulikumbuka. Hatukujadiliana tena. Tulishuka yeye akiwa mbele sasa, mimi nikifuata koti lake la kijani, na kila tulivyoteremka ndivyo kichwa kilivyopata nafuu.

Kesho yake jioni nilifika nyumbani. Mama alikuwa akipukuchua mahindi nje. Hakuuliza kama nilifika kileleni.

"Uliiona Tongaren kutoka huko?"

"Hapana, mama. Ukungu ulishuka."

"Saa nane," akasema bila kuinua macho. "Tuliona mlima ukijifunika. Nikamwambia jirani, kama ana akili sasa hivi anarudi."

Nikavuta kigoda, nikachukua gunzi.