Pipa Tupu: Wosia kwa Vijana wa Gereji, Kamembe

Wanangu,

Macho yangu hayatofautishi tena rangi mbili zinazokaribiana, na mpiga rangi akifika hapo huwaachia wenye macho. Mwisho wa mwezi nawakabidhi funguo. Kupiga msasa mnajua, kuchanganya rangi mnajua, hata kumtuliza mteja wa Bukavu anayetaka gari lake kabla mpaka haujafungwa mnaniweza. Nataka niandike jambo moja tu, kwa sababu maneno ya mdomo husahaulika siku kazi zikiwa nyingi. Jambo hilo ni tina tunayozimulia rangi.

Tina haiwaki ikiwa kimiminika, wala petroli. Kinachowaka ni mvuke wake. Mtu huona beseni la kuoshea vifaa limetulia pembeni akadhani hatari imo ndani ya beseni, kumbe imeshatoka zamani. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, karibu mara tatu. Haupandi juu kama moshi. Hushuka, ukatambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango, ukajaa kwenye shimo tunaloingia kukagua magari. Ukilikuta jiko la mkaa la mama wa chai huko nje, moto hurudi kwa njia ileile hadi kwenye beseni, na mikono yako bado imo ndani. Msingoje joto la Bugarama ndipo muogope. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Toluini, iliyomo kwa wingi katika tina nyingi, huanza kwenye nyuzi 4, na Kamembe haina asubuhi ya baridi namna hiyo.

Wengi wenu mlikuwa wadogo Ijumaa ya tarehe 2 Julai 2010. Sange iko ng'ambo ya mto Rusizi, kwenye bonde hili linaloshuka kuelekea Uvira. Jioni ile lori la mafuta lilipinduka pale. Petroli ikamwagika, watu wakaja na ndoo na madumu, huku wengine wamejazana vibandani wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka haukuchagua aliyechota na asiyechota. Walikufa zaidi ya watu 230. Miaka tisa baadaye, tarehe 10 Agosti 2019, ikawa Msamvu, Morogoro: lori limepinduka, watu wanachota, na waliokufa wakapita 100.

Nimesikia wengi wakisema watu wa Sange waliuawa na tamaa. Sikubali, na sipendi mlirudie neno hilo. Waliokuwa kwenye mpira hawakuchota hata kikombe. Na waliochota, nani aliwahi kuwaambia kwamba petroli hutembea hewani bila kuonekana? Ninyi nimeshawaambia.

Sasa pipa. Mtu ataleta pipa la lita 200 mlikate, apate la kuhifadhia maji. Atalipindua mbele yenu, lisitoke hata tone, aseme, "Ni tupu, fundi." Hilo ndilo naliogopa kuliko lililojaa. Pipa lililojaa halina hewa ndani, na bila hewa hakuna mlipuko. Lililomwagwa lina hewa tele, na kwenye mikunjo ya kitako hubaki tina kidogo. Mvuke wa toluini ukifika asilimia moja na kitu tu ya hewa, cheche inatosha. Kwa pipa la lita 200 mvuke huo hutokana na tina kama vijiko viwili vya chai. Grenda ikigusa bati, mfuniko huruka na kitako hufumuka, na fundi huwa ameinama juu yake. Kulisuuza kwa maji mara moja hakusaidii, maana tina haichanganyiki na maji. Kwa hiyo pipa la tina au la mafuta halikatwi wala halichomelewi kwenye gereji hii, hata mteja akitaja bei gani. Akikasirika, mpeni kiti na chai, pipa aondoke nalo.

Kunyonya petroli kwa mpira mdomoni nako kukome. Tone likiingia mapafuni linaumiza kuliko lililoshuka tumboni. Aliyemeza msimtapishe, kwa sababu ikipanda tena ndipo huingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali ya Gihundwe. Tina ikishika moto msiimwagie maji: huelea juu yake na kusambaa nayo. Tumieni mchanga au mtungi wa unga wa kuzimia moto, na moto ukishindikana tokeni nje wote, mpige 112. Gari si mtu. Na dumu la plastiki lishusheni chini kabla ya kulijaza. Likijazwa juu ya gari, umeme unaojikusanya kwenye plastiki hukosa pa kushukia, ukatoa cheche.

Lililobaki ni la madaraka. Fundi mkubwa atashika funguo na hesabu, hilo mmelikubali. Lakini kusimamisha kazi nampa yule mdogo wenu aliyekuja juzi kujifunza, kwa sababu pua yake bado ni mpya; sisi wengine hatuisikii tena harufu ya tina. Akisema simameni, grenda izimwe kwanza, ndipo aulizwe ameona nini. Akiwa amekosea, asikemewe.

Mzee wenu