Drams Ndani ya Tembe

Mwaka 1986, baada ya mavuno, tulikuwa vijana watatu pale Kibakwe tuliotaka kurekodi drams. Siku hizo mwenye wimbo alikwenda Radio Tanzania, Dar es Salaam. Sisi hata nauli ya lori hadi Gulwe kupanda treni ilitushinda. Tulikuwa na redio kaseti moja, maikrofoni yake kitundu kama punje ya uwele kando ya spika, na kaseti ya dakika 60.

Mwenzetu mmoja alikulia Dar miaka ya sabini, akawasikia Sunburst na vijana wengine waliopiga roki mjini. Mapigo yale hayakumtoka. Besi tuliiunda kwa pipa la mafuta lililokatwa nusu na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Snea ilikuwa debe lenye punje za mtama ndani, lichakache. Tasa ni kifuniko cha sufuria kilichoning'inizwa kwa kamba ya katani.

Mara ya kwanza tulirekodi uani, redio hatua mbili kutoka kwa mpigaji. Tulipoisikiliza, kila besi ilipolia vingine vyote vilizama, kisha vikapanda polepole kama mtu anayeibuka majini. Tukalaumu kaseti. Baadaye sana ndipo nilielewa kwamba redio kaseti zile hujipimia sauti zenyewe. Kishindo kikiingia, hubana kila kitu.

Aliyetuokoa ni shangazi yangu, mpiga muheme, ngoma ambayo kwetu Ugogo hupigwa na wanawake wakiwa wameibana katikati ya magoti. Alikuwa akiiotesha yake moto ngozi ikaze, akatutazama weee, mwisho akasema: "Mwanangu, ngoma haiwekewi sikio. Mimi nikitaka kujua kama yangu imekaza, namtuma mtoto asimame kule mbuyuni asikilize."

Tukahamia ndani ya tembe. Kuta udongo, dari udongo, magunia ya mahindi yamepangwa upande mmoja hadi karibu na boriti. Ukipiga kofi mle, hairudi. Redio tukaipeleka chumba cha pili, juu ya kinu kilichopinduliwa, mlango wazi. Betri zilikuwa zimechoka. Tulizianika juani asubuhi nzima zipate nguvu kidogo.

Tuliporudisha ukanda nyuma na kubonyeza, hakuna aliyesema neno. Besi ilikuwa nene, debe likichakacha mahali pake.

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi Led Zeppelin walivyorekodi drams za "When the Levee Breaks", wimbo uliotoka 1971. Waliziweka ukumbini katika nyumba kuukuu ya Headley Grange, Uingereza, wakatundika maikrofoni mbili juu ngazini, mbali na mpigaji, John Bonham. Wao walitafuta mwangwi wa ngazi, sisi tuliukimbia. Lakini umbali ni uleule aliotufundisha shangazi.

Kaseti ninayo. Zinasikika dakika 11. Drams zinakwenda mbio kuliko tulivyozipiga, kwa sababu mota ilizunguka kichovu siku ile na mashine za leo zinazunguka sawasawa. Karibu na mwisho muheme inaingia, maana shangazi alishindwa kukaa kando. Hakuna rekodi nyingine ya mkono wake.