Kiti Kilicholegea

Msomaji, vitu vingine vimeundwa vikae daima mahali pamoja, na vingine vimeundwa vipande na kushuka ili vimfae kila mtumiaji kwa kimo chake. Kiegemeo cha shavu katika bunduki ya shabaha ni kimoja. Kiti cha baiskeli ni cha pili. Vyote viwili hushikwa na bolti, na bolti ina adui mmoja mkubwa, mtikisiko. Bunduki hutikiswa na kishindo cha risasi. Baiskeli hutikiswa na njia. Habari ya bunduki nawaachia wenye bunduki. Nitakusimulia habari ya kiti, maana kilinifundisha jambo ambalo chuo cha ualimu hakikunifundisha.

Nakaa Kitengela, nami nafundisha katika shule iliyo kando ya barabara iendayo Kajiado na Namanga. Kutoka lami hadi shuleni ni njia ya changarawe, yenye mawimbi madogo kama bati la paa. Baiskeli yangu ilikuwa ya watu wote. Mwanafunzi mfupi akitumwa alishusha kiti. Mimi nikirudi nyumbani nilikipandisha. Kwa kupanda na kushuka huko, kiti kikaanza kulegea na kulia.

Kilio kiliniudhi, basi nikamimina mafuta penye nguzo ya kiti. Kilio kikanyamaza, lakini kiti kikazidi kuteleza. Nikakaza nati kwa nguvu zangu zote hata meno ya bolti yakalika. Mwisho nikachomeka kipande cha bati, nikaridhika. Kesho yake nilimtuma mvulana mmoja dukani, wala sikumwambia neno. Penye mteremko kiti kilizunguka chini yake. Akaanguka, akavunjika mkono wa kulia.

Nilipomwona zahanati, alinitangulia kusema: "Niwie radhi, Mwalimu, nimeharibu baiskeli yako." Maneno hayo yalinichoma kuliko lawama. Mtihani wa muhula aliuandika kwa mkono wa kushoto, na kila herufi yake iliyopinda ilikuwa shahidi juu yangu.

Niliipeleka baiskeli kwa fundi mzee Kajiado. Aliutoa ule bati, akautazama, akasema, "Mwalimu, hukukaza, ulificha."

Kisha akanifundisha. Bolti ikikazwa hunyooka kidogo sana, mfano wa uzi wa upinde uliovutwa, na ile hamu yake ya kurudi ndiyo ibanayo. Njia ikitikisa, vyuma vilivyobanwa huteleza kidogo kidogo, nati ikarudi nyuma bila kuonekana. Ikikazwa kupita kiasi, meno hulika, na bolti haibani tena. Kwa hiyo alifuta mafuta yote, akaweka bolti mpya na nati yenye pete ya nailoni ndani, ambayo huyashika meno ya bolti hata katika mtikisiko. Akanionyesha alama iliyochorwa katika nguzo ya kiti: alama hiyo ikionekana nje, nguzo imepandishwa kupita kadiri, nayo yaweza kuvunjika. Akanihimiza niende mwendo mfupi, nirudi, aikaze mara ya pili, kwa kuwa vyuma vipya hukaa sawasawa baada ya kazi. Mwisho alipiga mstari mwembamba wa rangi, kutoka katika nati hadi katika chuma kilicho chini yake. "Mstari ukikatika," alisema, "nati imezunguka. Usingoje kilio."

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, yule mvulana akiwapo na mkono wake umefungwa, nikaeleza kwamba kosa halikuwa lake, lilikuwa langu. Haikuwa rahisi. Mwalimu hupenda kuonekana hana kasoro, kama mimi nilivyopenda baiskeli isiyolia.

Ewe msomaji kijana, wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwamba kuziba si kuficha. Kitu kinacholia kinakuambia habari yake; ukikinyamazisha bila kukitengeneza, umemwachia mwingine maumivu yake. Mstari ule wa rangi ungalipo katika baiskeli yangu. Kila asubuhi, kabla sijapanda, nautazama kwanza.