Mwalimu wa Vidudu Akienda Semina



Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Naandika ubatizo, naandika ndoa, naandika marehemu. Na kila mwaka, mavuno yakiisha, naandika pia majina ya wale wanaokwenda semina ya walimu wa watoto wadogo, yaani walimu wa shule za vidudu, ambazo siku hizi twaziita chekechea au madarasa ya awali. Kabla ya ukarani nilisoma chuo cha ualimu, kwa hiyo daftari la mahudhurio si jambo geni kwangu. Leo napenda kuzungumza nawe juu ya daftari hilo, maana limekuwa neno vijijini mwetu.

Neno lenyewe ni hili. Watu wasema, "Semina hizi zina masharti mno. Kuandikishwa kuna tarehe yake, ukichelewa hupokelewi. Kuhudhuria ni siku zote tano, asubuhi na mchana, ukikosa hupewi cheti. Na huyu ni mwalimu wa kujitolea, wazazi humpa debe la mahindi tu. Mbona anabanwa kama askari?" Wasemao hivyo si watu wabaya. Wanamwonea mwalimu wao huruma. Lakini naona huruma hiyo imeelekea upande mmoja, nami nataka kuigeuza kidogo ipate kuwafikia na wengine.

Kwanza tuhesabu. Serikali ya Tanzania imeweka kipimo kwamba mwalimu mmoja wa darasa la awali awe na watoto 25. Twajua ya kuwa vijijini mara nyingi huzidi, lakini tushike hao 25. Basi semina yenye nafasi 30 haina watu 30 tu. Nyuma yao wako watoto 750. Kiti kimoja kikikaa kitupu, ni watoto 25 waliokosa. Na mwalimu yule akifundisha miaka minne bila kufundishwa yeye mwenyewe, watoto wamefika mia moja. Tena kiti kile hakikuwa bila mwenyewe. Kigango cha jirani kilikuwa na mwalimu aliyekitamani, akajibiwa kuwa nafasi zimekwisha.

Hiyo ndiyo sababu ya tarehe ya mwisho ya kuandikishwa. Wanaoandaa semina lazima wajue idadi ya watu mapema, wapate kununua unga na maharage, kutafuta vitanda, na kugawa vikundi. Semina ya walimu wa vidudu si hotuba ya kusikiliza tu. Watu hukaa vikundi vidogo vidogo, wakafinyanga wanyama wa udongo, wakatengeneza vihesabio kwa vizibo vya chupa na mabua ya mahindi, wakajifunza kusimulia hadithi na kuongoza michezo. Watu kumi wakizuka asubuhi bila kuandikwa, vifaa havitoshi, na hata wale waliofuata utaratibu hawapati haki yao.

Jina nalo liandikwe kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho au kwenye cheti cha shule. Mara nyingi vigango hunipelekea karatasi yenye majina kama "Mama Fulani" au "mke wa mwalimu wa dini". Hapa kijijini sote twamjua. Lakini cheti kikitoka kwa jina hilo, siku atakapokipeleka kwa Afisa Elimu ataulizwa Mama Fulani ni nani, na hatakuwa na jibu.

Kuna na tabia ya kupeleka mtu badala ya mtu. Aliyeandikwa ana shughuli, basi mkubwa mmoja wa kijiji amtuma binti yake aliyemaliza kidato cha nne na ambaye hana kazi, aende aitike jina la mwingine. Binti huyo pengine ana akili kuliko wote, lakini Jumatatu ijayo si yeye atakayesimama mbele ya watoto. Elimu aliyoipata yabaki nyumbani kwao, na watoto wabaki kama walivyokuwa. Ikiwa kuna sababu ya kweli ya kubadili jina, kigango kiandike barua mapema. Ipo orodha ya akiba, naye aliye wa kwanza katika orodha hiyo ataitwa.

Sasa tuje kwenye kuhudhuria. Mbona daftari hutiwa sahihi mara mbili, asubuhi na alasiri? Nitakuambia bila kuficha: ni kwa sababu ya wale wanaotia sahihi asubuhi, wakashughulikia posho, halafu wasionekane tena mpaka saa ya chakula. Katika semina moja niliyoshika daftari, watu wawili waliondoka saa sita kuwahi mnadani. Mchana huo Sista mwuguzi alifundisha jinsi ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa na kitu kooni. Alisema mtoto akiweza kukohoa, aachwe akohoe. Asipoweza kukohoa wala kulia, ainamishwe mbele, apigwe kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Kitu kisipotoka, mtoto aliyepita mwaka mmoja ashikwe kwa nyuma na kubanwa tumbo, juu ya kitovu, kwenda ndani na juu, mara tano. Na hivyo kwa zamu, huku mwingine akikimbilia msaada. Lakini mchanga asiyetimiza mwaka habanwi tumbo kamwe. Yeye husukumwa kifuani. Kila mtu alijaribu kwa mikono yake, Sista akamsahihisha.

Basi niambie, msomaji: wale wawili wangepewa cheti sawa na wenzao? Huku kwetu watoto hula karanga tangu asubuhi. Mzazi aonaye cheti ukutani huamini kwamba mwalimu yule alifundishwa kila kilichofundishwa, naye humwachia mtoto wake akaenda shambani bila wasiwasi. Kumpa cheti mtu aliyekosa somo ni kumdanganya mzazi huyo. Masharti ya namna hii hayako kwetu tu. Huko Marekani kuna cheti cha walezi wa watoto wadogo kiitwacho CDA, na mlezi hakipati mpaka aonyeshe kwamba amepata saa 120 za mafunzo. Wao huhesabu saa, wala hawatosheki na siku.

Mpaka hapa nimetetea masharti. Lakini haifai nikomee hapo, maana yako mambo niliyoyaona kwa macho yangu.

Mwaka mmoja mwalimu wa kigango cha mbali alikuja semina, akamwacha mtoto wake wa miezi minane kwa bibi yake. Alikuwa mwalimu mwenye bidii. Watoto wake huimba mpaka barabarani. Siku ya pili jioni akapigiwa simu kwamba mtoto ana homa kali na hataki uji. Akaondoka usiku ule kwa pikipiki. Mtoto akapimwa, akaonekana ana malaria, akapewa dawa. Mama akarudi siku ya tano asubuhi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, amembeba mwanawe mgongoni. Siku mbili zilikuwa zimempita, na cheti hakupewa.

Wiki ile ile mumewe alikuja ofisini. Akasema, "Karani, mke wangu alikwenda kumwuguza mtoto. Je, semina ya kufundisha kulea watoto yamwadhibu mama kwa kulea mtoto?"

Nakiri neno lile lilinikaa moyoni. Nilimjibu, "Ndugu yangu, mkeo hakukosa lolote. Lakini masomo ya siku mbili hakuyasikia, nasi hatuwezi kuandika kwamba aliyasikia." Hakuridhika, akaenda zake.

Baada yake niliitazama upya fomu ya kujiandikisha tuliyoletewa. Iliuliza jina, umri, kiwango cha elimu na nambari ya simu. Haikuuliza kama mwalimu ananyonyesha. Haikuuliza atakuja kwa usafiri gani, wala nani atabaki na nyumba yake. Walimu wetu wa vidudu karibu wote ni mama. Na mama anayenyonyesha asipoulizwa juu ya mtoto wake siku ya kuandikishwa, swali hilo litakuja lenyewe siku ya pili ya semina, usiku, tena kwa simu.

Padre Paroko na kamati walikubali tuongeze karatasi yetu wenyewe. Sasa twauliza mambo manne: Je, una mtoto anyonyaye? Nani atakaa na watoto nyumbani? Utafikaje? Nani atasimama darasani kwako siku hizo? Mwenye mtoto mchanga huja naye, pamoja na msichana au bibi wa kumshika, na kigango huchangia chakula cha huyo mshikaji. Kadhalika masharti husomwa kwa sauti kanisani Jumapili tatu kabla, maana sharti lisilotangazwa mapema ni mtego. Na mtu akipatwa na msiba au ugonjwa, hupewa barua ya siku alizohudhuria, akamalizia masomo yaliyobaki katika semina inayofuata, asianze upya. Mama yule naye alimalizia siku zake mbili mwaka uliofuata, na cheti chake anacho. Sharti la kuhudhuria lilibaki kama lilivyokuwa. Kilichoongezwa ni njia ya kumwezesha mtu kulitimiza.

Jirani zetu wa Kenya walilitambua jambo hili zamani. Kuanzia mwaka 1985 walifungua vituo vya wilaya vya elimu ya watoto wadogo, na walimu wakafundishwa kwa miaka miwili huku wakiendelea na kazi. Walikutana kwa masomo wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na muhula ulipofunguliwa walirudi kwa watoto wao. Tarehe zilipangwa kwa kumfikiria mwalimu alivyo. Nasi yatupasa kufanya vivyo hivyo. Semina ya mwezi wa kupanda, mvua ya kwanza inaponyesha, ni kama kumwambia mwalimu achague kati ya cheti na chakula cha mwaka.

Pengine msomaji atauliza, yote haya ya nini kwa shule ya vidudu? Zamani twaliona shule hiyo kuwa mahali pa kuwatunza watoto mama wapate kulima. Mambo yamebadilika. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, kwa muda usiopungua mwaka mmoja, kabla ya darasa la kwanza. Mtoto hujifunza huko kushika kalamu, kutaja sauti za herufi, kunawa mikono, kungoja zamu yake, na kusema kinachomuuma. Samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini mkunjaji naye lazima ajue asimvunje.

Basi nawaombeni haya. Wewe mwenyekiti wa kigango, peleka jina la yule afundishaye, si la ndugu yako, na ulipeleke kabla ya tarehe. Wewe baba, mkeo akiandikishwa, zile siku tano ni zako pia: kuni, maji na uji wa watoto visimfuate huko aliko. Wewe mama mkwe, mshike mjukuu kwa moyo mweupe. Nanyi wazazi wa watoto, mwalimu akiwa semina mchangieni nauli, na mmoja wenu akae na watoto darasani, wasirudishwe nyumbani.

Na wewe mwalimu wa vidudu, ukitia sahihi asubuhi, alasiri uwepo. Ukiona siku hizo huziwezi, sema mapema. Si aibu, na jina lako litangoja semina nyingine. Kalamu na daftari ninavyo, na mwaka huu nafasi za parokia yetu bado zinaandikwa.