Mtoto Aliyekataa Kupiga Magoti

Mara nyingi wazazi hutujia mlangoni pa kanisa na kutuuliza, "Mwalimu, huyu mtoto wetu ataanza lini mafundisho?" Nasi huwatajia siku na saa, tukaandika jina lake kitabuni, nao huenda zao kama watu waliotua mzigo. Kwa miaka mingi tulidhani jibu hilo latosha. Leo twataka kuwaeleza jinsi tulivyofunzwa vingine, na aliyetufunza ni mtoto wetu wenyewe, naye alikuwa na umri wa miaka sita.

Asili ya desturi ile twaijua. Imani ilipofika pande zetu haikuingia kwa mlango wa nyumba, iliingia kwa mlango wa shule. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864 alipewa wavulana watano waliotolewa katika chombo cha watumwa, na hao ndio waliokuwa mwanzo wa shule yake. Hawakuwa na baba wala mama karibu wa kuwafundisha kusali. Walimu wao ndio waliokuwa jamaa zao. Katika shule ya Kiungani alilelewa Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, naye mwaka 1890 akawekwa kuwa kasisi. Kazi ile ilikuwa njema sana, wala hatuilaumu. Lakini wale walinyang'anywa jamaa zao. Watoto wetu wanao baba na mama, nasi twawapeleka kwa mwalimu kana kwamba hawana.

Basi, nyumba yetu i karibu na kanisa, katika nchi ya Bonde, upande wa Muheza, kati ya michungwa na minazi. Mtoto huyu alijua Sala ya Bwana na Amri Kumi kabla hajajua kufunga kifungo cha shati. Wageni wakija, tulimsimamisha katikati ya chumba ayaseme yote, nao wakamsifu. Na kwa kweli sifa zile tulizipokea sisi.

Mwaka juzi, wakati wa masika, mdogo wake, msichana wa miezi tisa, alishikwa na homa kali. Tulimpeleka hospitali, naye akapewa dawa. Jioni ile tulimwambia kaka yake, "Omba, mwanangu. Mungu huwasikia watoto, naye atamponya." Akaomba. Hata usiku wa manane tulimsikia akinong'ona chini ya shuka. Siku ya nne mtoto akafariki.

Watu walikuja matangani wakatufariji, Mungu awalipe. Majirani zetu Waislamu ndio waliotangulia kushika majembe na kuchimba kaburi. Lakini katika siku zile zote hakuna aliyemwuliza yule mvulana neno lolote, wala sisi hatukumwuliza.

Jioni ya kwanza baada ya watu kutawanyika tulikusanyika kwa sala. Yeye akabaki amesimama penye mlango. Tukamwamuru apige magoti. Akasema, "Sitaki, baba. Mimi niliomba. Wewe ulisema atapona."

Twaungama kwamba mkono wetu ulikwenda kwenye fimbo. Husemwa samaki mkunje angali mbichi, na maneno hayo yalitujia mara moja, maana ni rahisi kuyakumbuka mtu akiwa na hasira. Na hasira ile haikuwa kwa ajili ya Mungu. Tuliwaza watu watasemaje wakisikia kwamba mtoto wa mwalimu hasali. Ndipo mama yake, ambaye tangu maziko hakuwa amesema maneno kumi, akasema, "Baba watoto, mwache. Ulimwahidi lisilokuwa lako kuahidi."

Usiku ule hatukulala. Tulimfikiri Eli, kuhani mzee wa Shilo. Alimfundisha Samweli, mtoto wa watu, namna ya kuitikia sauti ya Bwana, na huku Hofni na Finehasi, wanawe mwenyewe, wamempotea. Tulilisoma jambo hilo darasani mara nyingi, lakini halikupata kutugusa. Tukafungua pia habari ya Daudi, alivyofunga na kulala chini siku saba akimwombea mtoto wake, na mtoto akafa.

Asubuhi tulimchukua mvulana shambani, tukaketi chini ya mchungwa, tukamwomba radhi. Twajua wazee wengine watatikisa vichwa, maana si desturi ya baba kumwomba mwanawe radhi. Tulimwambia kwamba tulisema kama tunaojua, na kumbe hatukujua. Kwamba sisi nasi tuliomba, tukalia. Akatutazama sana, akauliza, "Hata wewe ulilia?" Hakupata kutuona, kwa sababu tulikwenda kulia nyuma ya nyumba.

Tukamsimulia habari za Daudi. Akauliza kama Daudi alikasirika. Tukamjibu kwamba aliondoka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana akaabudu, kisha akala chakula. Kama alikasirika hatukuandikiwa. Akasema, "Mimi nimekasirika." Tukamwambia, "Basi, mwambie Mungu hivyo hivyo." Baadaye jibu hilo lilitutia hofu, tukaenda kumwuliza kasisi wetu. Alitufungulia Zaburi, akatuonyesha jinsi zilivyojaa manung'uniko, nasi tukarudi nyumbani tumetulia kidogo.

Hatukumlazimisha tena. Jioni alikaa ukingoni mwa mkeka, amekumbatia magoti yake, akisikiliza. Nasi tukajifunza kuomba kwa maneno machache, maana sala zetu zilikuwa ndefu kama hotuba. Mama yake huomba akiwasha moto, kwa sauti ya kawaida, kama mtu azungumzaye na mwenziwe jikoni, na watoto humsikia. Siku moja yule mvulana alisema kutoka ukingoni, "Hamjawataja waliochimba kaburi." Tukawataja.

Siku hizi mzazi akituuliza mlangoni pa kanisa mtoto ataanza lini, twamwandika, kisha twamwuliza, "Kwenu husali lini, na mtoto hukaa wapi?" Wengine huudhika. Lakini Paulo alipomkumbusha Timotheo imani yake, aliwataja Loisi bibi yake na Eunike mama yake, wala mwalimu wa darasa hakumtaja.

Ulipita muda wa miezi mitano. Jioni moja mama yake alikuwa amelala anaumwa kichwa, nasi tulikuwa tukitandika mkeka. Mvulana akaja, akapiga magoti bila kuitwa, akasema, "Mungu, mama anaumwa. Wewe wajua." Kisha akaondoka akaenda kumpelekea maji.